Mjadala: Bunge letu linaisimamia Serikali, au linaipitishia tu?

Mleta mada

Habari zenu wakuu. Kila msimu wa bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni, macho yakiwa Dodoma, tunaishia kubishana kuhusu watu: nani kasinzia, nani kasifu kupita kiasi. Safari hii naomba tuiangalie kazi yenyewe. Ibara ya 63 ya Katiba inasema Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Inataja na njia za kufanya hivyo: kuwauliza mawaziri maswali, kujadili kila wizara wakati wa bajeti, kuidhinisha mipango, kutunga sheria, kuridhia mikataba.

Maswali yanaulizwa, sheria zinatungwa, hapo sina ugomvi mkubwa. Kipimo changu ni fedha. Asiyeweza kukataa kutoa fedha hana anachosimamia.

Sasa soma ibara ya 90: Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, Rais anaweza kulivunja. Soma na ya 71: mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, ubunge wake umekwisha. Halafu kumbuka kwamba kura ya bajeti hupigwa kwa kuitwa jina, mmoja mmoja, wote wakisikia. Hivi kweli mnategemea nani aseme "hapana"?

Kinachobaki ni kushika shilingi. Mbunge anasimama kwenye Kamati ya Matumizi (Bunge zima likikaa kama kamati kupitisha mafungu ya bajeti), anatishia kuondoa shilingi katika mshahara wa waziri mpaka apate maelezo. Waziri anaahidi, shilingi inarudi. Muda ukiisha inakuja gilotini, na mafungu yaliyosalia yanapita bila hata kujadiliwa. Hizo ni kodi zetu, na inaniuma kuona zinavyopita.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeibebesha Katiba mzigo usio wake. Ibara hizo hizo zilikuwepo Februari 2008, na CCM ilikuwa na wingi mkubwa bungeni. Bado Spika Samuel Sitta aliruhusu Kamati Teule ya Dk. Harrison Mwakyembe isome ripoti yake kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili. Novemba 2014 ikaja kashfa ya fedha za umeme zilizochotwa kwenye akaunti ya Escrow ya Tegeta. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali (PAC) ya Zitto Kabwe ilifanya kazi yake, na haikuchukua muda Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu, Profesa Tibaijuka akaondolewa uwaziri, na Januari 2015 Profesa Muhongo naye akaachia ngazi.

Katiba ni ile ile. Tofauti ni kwamba wakati ule tulikuwa tunawaona. Mwaka 2016 matangazo ya moja kwa moja yakapunguzwa, na mbunge asiyeonekana na waliomchagua atamwogopa nani zaidi ya chama chake?

Mchangiaji wa pili

Nyote mnawasahau wapiga kura. Nenda jimbo lolote uulize mbunge mzuri ni yupi. Utaambiwa ni yule aliyeleta maji, aliyechonga barabara, aliyechangia msiba. Hakuna atakayekuambia alihoji fungu gani. Na sheria ya mwaka 2009 ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ikamfanya mbunge awe mwenyekiti wa kamati inayogawa fedha hizo. Mtu mmoja anagawa fedha za umma, kisha tunamtaka asimamie wanaozigawa! Tukimhukumu kwa mabati, naye atatafuta mabati.

Mleta mada

Mchangiaji wa pili, nakubaliana nawe kabisa kuhusu mfuko. Msimamizi hapaswi kuwa mtekelezaji, na kwa hoja hiyo hiyo mawaziri nao wasitoke miongoni mwa wabunge. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ililisema hilo mwaka 2013. Ilisema pia kwamba Spika asiwe mbunge wala kiongozi wa chama, na kwamba wananchi waweze kumwondoa mbunge wao kabla ya miaka mitano. Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ilipotoka, kipengele hicho cha mwisho hakikuwemo tena. Nani alikipunguza? Waliokaa katika lile Bunge Maalum la Katiba lililoijadili rasimu, na wabunge walikuwa sehemu yake kubwa.

Kwa mchangiaji wa kwanza: Richmond na Escrow ni kweli, na ninajivunia siku zile kama wewe. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 2010 chama kiliamua wagombea wake wa uspika wawe wanawake tu, na mlango wa Sitta ukafungwa hapo. Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), alipoulizwa kwa nini ripoti zake hazifanyiwi kazi, alijibu kwamba huo ni udhaifu wa Bunge. Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Yaani Bunge lililikataa jicho lake lenyewe, maana bila ripoti za CAG ile PAC unayoisifu inakagua nini? Na Januari 2022 Spika Job Ndugai alijiuzulu baada ya kauli yake kuhusu mikopo ya Serikali kuzua hasira. Ikiwa Spika mwenyewe hawezi kuhoji deni la taifa na akabaki kitini, mbunge wa kawaida afanyeje?

Matangazo yarudi yote, naunga mkono. Ila kamera haitamlinda mbunge anayeweza kupoteza kiti kwa kuvuliwa uanachama. Bunge lililofanya vizuri mara mbili kwa sababu ya Spika jasiri au mgawanyiko ndani ya chama halijapata nguvu zake lenyewe.

Kwa hiyo nataka mjibu swali hili, hasa kama wapo humu wanaoona ibara ya 90 inalinda utulivu. Je, mko tayari ifutwe, hata kama gharama yake ni kwamba ipo siku bajeti itakataliwa kweli na Serikali ilazimike kurudi na nyingine?