Pamba ya kumwagilia na bima ya mazao: uliyekata na uliyeacha, tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Nalima pamba, maji navuta mtoni kwa pampu, ukame haunitishi sana. Sasa jamaa wa bima ananiganda nikate kabla sijapanda, eti muda ukipita ndo basi mpaka msimu ujao. Mtu mwenye maji yake anakatia bima nini hasa? Sitaki nadharia, nataka yaliyokukuta.

—Niliwaza hivyohivyo mkuu, maji ninayo bima ya nini. Pamba imeshapasuka, shamba jeupe, jioni moja ikashuka mvua ya mawe hata nusu saa haikufika. Asubuhi nakuta vitumba, yaani matunda ya pamba, vimezama kwenye tope na iliyobaki mitini imekuwa rangi ya majivu, mnunuzi akaishika kwa vidole viwili akairudisha.

—Uliza kwanza ni bima gani. Mimi nilikata ile ya kupima mvua kwa setilaiti, ikipungua chini ya kiwango wanalipa bila hata kufika shambani. Funza wa vitumba akanimaliza, mvua ilikuwa safi, sikupata kitu. Msimu uliofuata ukame, mimi namwagilia navuna vizuri tu, pesa hiyo inaingia! Nilicheka, ila hiyo kwetu wa mifereji ni bahati nasibu. Tafuta inayopima mavuno ya shamba lako.

—Ya mavuno nayo ina mambo yake. Mota ya pampu iliniungua pamba ikiwa kwenye maua, siku kumi na moja bila maji, maua yakapukutika pamoja na vitumba vichanga. Kwenda kudai naambiwa mto ungekauka kwa ukame tungekulipa, mota ni uzembe wako. Na kweli kwenye mkataba ipo, mi nilisaini tu.

—Mimi walinilipa ila kiduchu. Mkataba wangu unakinga asilimia 70 ya wastani wa mavuno ya nyuma, kwa hiyo ukipoteza robo ya shamba hiyo ni yako mwenyewe. Halafu usiguse shamba kabla mkadiriaji wa hasara wa bima hajaja, jirani yangu aling'oa mabua apande kitu kingine, ushahidi ukaisha hapohapo.

Mleta mada tena: asanteni wakuu. Kesho namuuliza mnapima mvua au mavuno, na mota ikiungua je. Risiti za mizani za kuonyesha mavuno yangu ya nyuma ninazo kwenye mfuko wa mbolea, ngoja nizitoe maana panya wameshaanza.