Tumeng'oa magugu maji Jumamosi, Jumatatu yamerudi ziwani. Huu ni usanii!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Jumamosi tuliitwa vijana kama arobaini kung'oa magugu maji kwenye mwalo mmoja hapa Mwanza. Kujitolea, nauli yako mwenyewe. Saa moja asubuhi tumeshaingia majini. Mgeni rasmi kafika saa nne na nusu, kavaa gambuti mpya zinang'aa, sisi pekupeku. Glavu zilikuwa jozi sita, wakapewa waliosimama karibu na kamera.

Kama hujawahi kung'oa hili dude huwezi kuelewa. Juu kuna ua zuri la zambarau, dada mmoja alilichomeka sikioni akapiga selfi. Chini sasa: mizizi myeusi kama nywele za kusukia, imejaa tope na konokono. Na vijidudu vya kichocho vinatoka kwa konokono, vinapenya ngozini hivi hivi. Nikauliza habari ya dawa, nikajibiwa, "Kijana, usitishe watu."

Hayo yote ningemeza. Kilichoniuma ni lori. Tuliahidiwa lori la kuyapeleka mbali, kwa sababu yale majani ni maji matupu, kukokota fungu moja tu mgongo unalia. Lori likaja kweli, limebeba maturubai na viti vya plastiki. Hotuba zilipoisha likapakia maturubai yake na viti vyake, likaondoka! Magugu tukaambiwa turundike hapo hapo, hatua tatu kutoka kwenye maji. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu akatutazama, akasema, "Wanangu, mmeyatoa kuota jua tu."

Jumapili usiku mvua na mawimbi. Jumatatu napita, nusu ya rundo linaelea, bado bichi, mitumbwi imezibwa tena. Mmea huu umetoka Amerika Kusini na uko ziwani humu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kila mtu wa mwaloni anajua ukikutana na joto na maji machafu ya mjini unaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili. Waandaaji ndio hawajui?

Leo wametuma picha kwenye grupu, "hongereni mashujaa wa mazingira", na Jumamosi ijayo tunaitwa tena. Nikauliza kitu kimoja: safari hii lori litabaki? Nimetolewa kwenye grupu.

Mwenye guta au toroli aje inboksi. Kuna nusu ya rundo bado iko nchi kavu.