Waandaaji wa "usiku wa Freddie Mercury" hapa Mwanza, mnatuuzia sharubu tu

Wakuu, nina hasira na sitaomba radhi. Kuanzia Capri Point mpaka Nyegezi, ukumbi ukipoa tu linabandikwa bango la Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, "mtoto wa Zanzibar", na kiingilio kinapandishwa. Mnauza alikozaliwa, kazi yake hamuijui.

Bango lenyewe. Mnaandika Bohemian Rhapsody, wimbo wao wa 1975, halafu mnaweka picha ya mwenye sharubu. 1975 jamaa alikuwa na nywele ndefu na hana hata unywele mdomoni. Sharubu zilikuja 1980. Koti la njano ni la ziara ya 1986. Kwenye Live Aid, lile tamasha la hisani la tarehe 13 Julai 1985, alivaa singlendi nyeupe na jinzi.

MC naye anatangaza eti alikimbia Mapinduzi ya 1964 akiwa mtoto mchanga. Farrokh Bulsara, ndilo jina lake halisi, alizaliwa Unguja 5 Septemba 1946, wazazi Waparsi, jamii yenye asili ya Uajemi iliyokaa India. Akiwa na miaka minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikojifunza piano na kupiga na bendi ya shule. Alirudi Unguja 1963. Familia ilipohamia Uingereza 1964 alikuwa na miaka 17. Akasomea michoro chuo cha Ealing, London, na nembo ya Queen aliibuni mwenyewe. Hilo halitajwi kamwe.

Sasa muziki, hapa ndipo mnapoua kabisa. Ile sehemu ya opera ya Bohemian Rhapsody, kama dakika 3:03 hadi 4:07, mnawasimamisha waimbaji watatu na kibodi moja waiimbe laivu. Queen wenyewe hawakufanya hivyo! Studio walikuwa na mashine ya treki 24, yaani njia 24 za kurekodia sauti zinazopigwa pamoja. Freddie, Brian May mpiga gitaa na Roger Taylor walirudia sauti zao juu kwa juu kwa siku nyingi mpaka watu watatu wakasikika kama kwaya. Jukwaani walitoka, taa zikazimwa, ikapigwa rekodi, wakarudi gitaa la roki linapoanza. Live Aid waliiruka kabisa: kipande cha piano, kisha moja kwa moja wimbo wa Radio Ga Ga. Nyimbo sita ndani ya dakika 21 hivi.

Na yule MC anayepiga kelele "sikieni sauti ya Freddie!" opera inapomalizikia juu kabisa: ile ni ya Taylor, mpiga dramu.

Wimbo wao wa We Will Rock You mnaupigia dramu seti nzima na besi. Mle hamna dramu wala besi. Ni miguu juu ya mbao, makofi, sauti, na gitaa linaingia mwishoni. Fundi wenu anaongeza mwangwi wa kawaida, linatoka pango. May alirudia yale makofi kwa ucheleweshaji tofauti tofauti usiolingana, ndiyo maana unasikia umati.

FUNDI MITAMBO: Mleta uzi umesema kweli ila usitutwishe sisi lawama zote. Mwimbaji anashika stendi nusu kama Freddie, anatamba nayo mbele ya spika, kiganja kimefunika kichwa cha maiki. Lazima ipige mluzi. Ashike chini ya kichwa, na spika kubwa zikae mbele yake, zimtazame mtazamaji.

MLETA UZI: Sawa mkuu, hilo nimekubali. Na waambie wasilazimishe noti za rekodi. Freddie mwenyewe jukwaani alizishusha nyingi, maana ziara ni ndefu na koo ni moja. Shusheni ufunguo kwa nusu toni au toni nzima, ila gitaa na kibodi washuke pamoja. Wiki ile mliyosahau kibodi, jamani!

DADA WA IGOMA: Kaka, bendi ya watu wanne itafanyaje hiyo opera basi?

MLETA UZI: Dada, kateni kipande cha opera peke yake kutoka kwenye rekodi mapema, kipimeni sauti kabla watu hawajaingia, kilingane na bendi. Mpiga dramu avae hedifoni yenye midundo ya kuhesabia, la sivyo roki itaingia imechelewa na kila mtu atajua. Rekodi ianze pale solo ya gitaa inapokoma, sio wakati MC anaongea.

FUNDI MITAMBO: Hapa kwetu inapigwa kwenye simu kwa bluetooth.

MLETA UZI: Siku bosi akipigiwa katikati ya opera, ukumbi mzima utasikia simu inaita. Waya, mkuu. Nunueni waya.