Orodha imegoma kutumwa

Shangazi Mwanaidi: Jamani, nani yuko macho? Ile orodha ya michango imenishinda. Nabonyeza kutuma kwa barua pepe, kidirisha kinatokea, nikiandika herufi mbili tatu za jina la mtu, Excel yote inajifunga. Mara ya nne hii.

Mjomba Hamisi: Kumbe! Mimi nilijua nimesahauliwa.

Baraka: Shikamoo shangazi. Unatuma ukiwa humohumo ndani ya Excel?

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Humohumo.

Baraka: Fungua faili jipya, andika neno moja, ulitume kwa njia ileile.

Shangazi Mwanaidi: Limekwenda!

Baraka: Basi barua pepe ni nzima, ugonjwa uko kwenye faili. Tazama juu kabisa, pembeni ya jina lake. Pameandikwa Shared?

Shangazi Mwanaidi: Ndiyo, kwenye mabano. Saumu ndiye aliliweka hivyo ili tujaze wote.

Saumu: Mimi tena 😂

Baraka: Hukukosea. Ila ushirikishaji huo wa zamani hutunza kumbukumbu ya nani kabadilisha nini, kwa kawaida siku 30, na faili linazidi kuvimba. Shangazi, hebu bonyeza Ctrl na End pamoja, uone utapelekwa wapi.

Shangazi Mwanaidi: Mungu wangu. Mstari wa 1,048,576. Na sisi tuko 62!

Saumu: Eh... ile rangi ya njano. Nilivuta tu, sikuangalia imeishia wapi.

Baraka: Imeishia ukutani, baada ya hapo Excel haina mstari mwingine 🙈 Shangazi, hifadhi nakala kwa jina jingine KWANZA, kwa sababu ukizima ushirikishaji ile kumbukumbu inafutika yote. Kwenye nakala ndiyo uzime, ufute mistari yote iliyo chini ya jina la mwisho, uhifadhi na kufunga. Kisha ingia kwenye barua pepe uliambatishe mwenyewe.

Mjomba Hamisi: Mbona safari ndefu? Si apige picha tu atutumie.

Saumu: Mjomba, picha utaijumlishaje?

Mjomba Hamisi: Kwa kidole.

Shangazi Mwanaidi: Jamani! Lilikuwa MB 19, sasa KB 41. Nimewatumia wote 62 na hakuna kilichojifunga. Baraka, Mungu akuzidishie.

Baraka: Amina. Saumu, hilo jipya usilipake rangi.

Mjomba Hamisi: Limefika, nimelifungua. Ila mstari wa 14 mmeniandika Hamis. Mimi ni Hamisi.