Fundi ameniharibia gauni la kupamba (ile sherehe ya harusi ya wanawake), halafu ati "umenenepa"!

Jamani, naandika huku mikono yatetema kwa hasira. Hivi nani aliyewafundisha mafundi wetu hapa Lamu kwamba gauni likibana kifuani dawa ni kufumua ubavuni? Kila gauni, kila mwanamke, dawa ni hiyo hiyo kama mwarobaini.

Kitambaa nilikinunua Mombasa, Biashara Street, satini na lesi ya kuweka juu. Si cha kuchezea. Nikampelekea fundi mmoja hapa mjini (simtaji, akisoma atajijua). Akataka kunipima juu ya buibui! Nikamwambia mkewe si yumo ndani, amwite anipime sawasawa, nimevaa sidiria nitakayoivaa siku yenyewe. "Hapana haja, jicho langu ni futi." Akazungusha futikamba kifuani, akazungusha kiunoni, basi.

Mwenye kifua hapimwi hivyo. Kuna mzunguko wa juu, pale chini ya makwapa. Kuna wa kifua penyewe kilipojaa, na kuna wa chini ya matiti. Halafu bega hadi ncha ya titi, na ncha hadi ncha. Patani (zile karatasi za kukatia nguo) nyingi za kununua huchorwa kwa mtu ambaye kifua kinazidi ule mzunguko wa juu kwa inchi 2 hivi. Mimi nazidi karibu 5. Ukinikatia kwa kipimo cha kifua peke yake, mabega yataniteremka. Ukifuata mabega, sipumui. Yeye alifuata mabega.

Gauni likatoka na mikunjo inayovutana toka kifuani hadi kwapani. Mshono wa kiuno umepanda mbele, nyuma uko chini. Dati (ile mikunjo ya kushonewa ili nguo ifuate umbo la kifua) nazo kazifikisha juu ya ncha kabisa, zimechongoka mpaka haya! Dati huishia inchi 1 au zaidi kabla ya ncha, hata mwanafunzi wa cherehani ajua.

Nikalirudisha. Kumbe mishono ya ubavuni alishaikata ikabaki robo inchi na kuipiga ovaloki, ule mshono wa ukingoni usifumuke, hakuna cha kuachia. Akafanya nini? Akatia kipande kila ubavu, toka kwapa hadi kiuno. Sasa kwapa lapwaya sidiria yaonekana, kiuno chapwaya, na kifua BADO chabana!

Chabana kwa sababu kitambaa kinachopita juu ya kifua kilichojaa chataka urefu pia, si upana tu, na huo upana wautaka mbele, si kwapani. Ilikuwa afumue kiuno na dati, akate mbele mpya. Patani ya mbele huchanwa toka kiunoni hadi ncha, kisha toka ncha kwenda kwapani, ikafunguliwa hapo. Nafasi yaingia kifuani penyewe, dati yawa kubwa zaidi, bega halisogei. Na lingekuwa na mshono wa prinsesi, ule unaoshuka kupitia kifuani, kazi ingekuwa nyepesi zaidi, maana nyongeza hutiwa kwenye mshono ule ule.

Na kitambaa cha kukatia mbele mpya kilikuwapo! Mabaki yote nilimwachia. Namuuliza, ajibu "yaliisha." Yaliishia wapi? Mafundi na mabaki, hiyo nayo yataka uzi wake.

Lakini kilichonichoma ni hiki: mbele ya wateja wake, kwa sauti, "Dada, umenenepa tangu nikupime." Kiuno chanipwaya, kwapa lanipwaya, nimenenepa kifua peke yake?

Najua kazi za Idi zilimjaa. Basi si usipokee? Kupiga bandi, ule mshono wa muda, na kunijaribisha kabla ya kushona moja kwa moja hakumalizi siku. Lingekuwa gauni la kuvaa ndani ya buibui ningenyamaza, lakini hili ni la kupamba! Wanawake peke yao, mabuibui yavuliwa mlangoni, na kila jicho liko kwenye mshono wa mwenzake.

Harusi ni Alhamisi. Kama kuna bibi Langoni au Mkomani, hata Shela, anayejua kukata mbele upya, nitumieni namba yake faraghani. Satini ya rangi ile nitaagiza tena Mombasa, gharama yangu. Na atakayeniandikia nijifunike mtandio mkubwa yaishe, apite tu, hapa simtaki.