Kurudisha shaba kutoka maji ya kusuuzia: kwa nini umeme unaishia kwenye mapovu?

Fundi_Kathodi ameuliza:

Habari za kazi, ndugu wanajukwaa. Ninafanya kazi katika karakana ndogo ya kupaka metali kwa umeme, na kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta njia ya kurudisha shaba inayopotea katika maji ya kusuuzia, kwa sababu siwezi kuyatazama maji ya buluu yakielekea mferejini nikanyamaza. Nimejaza lita 50 za maji hayo, yenye salfeti ya shaba na asidi kidogo ya salfuriki, katika tangi la plastiki, nikaning'iniza bamba la shaba upande wa hasi (kathodi) na bamba la chuma kisichoshika kutu upande wa chanya (anodi), kisha nikapitisha ampea 10 bila kukoroga.

Mwanzoni kila lita ilikuwa na gramu 2 za shaba. Baada ya saa 8 zilibaki gramu 0.8, na baada ya saa 8 nyingine gramu 0.32. Kwa kanuni ya Faraday, inayolinganisha kiasi cha umeme na kiasi cha metali inayoganda, nilitarajia saa 8 na nusu zitoshe kuitoa shaba yote. Saa za mwisho kathodi ilijaa mapovu, na shaba iliyoganda juu yake haikuwa tena nyekundu yenye kung'aa, bali unga wa kahawia iliyokolea unaofutika kwa kidole. Bamba la chanya nalo limeanza kuliwa na kupata vishimo. Je, rektifaya yangu (kifaa kinachonipa umeme wa mkondo mmoja) ina hitilafu, au kuna jambo nisilolielewa? Na je, njia hii itafaa kwa nikeli na kromi?

Mkufunzi_Kemia amejibu:

Ndugu Fundi, rektifaya yako haina kosa, na nakupongeza kwa kuandika vipimo, kwa maana ndivyo vinavyotoa jibu. Tazama: kutoka 2 hadi 0.8, kisha kutoka 0.8 hadi 0.32. Kila saa 8 zimeondoa sehemu ileile ya shaba iliyokuwapo, yaani tatu ya tano, wala si kiasi kilekile cha gramu. Hiyo ndiyo alama ya mchakato unaoongozwa na kasi ya ioni, yaani chembe za shaba zenye chaji zilizomo majini, kuifikia kathodi, na siyo na ampea unazozisukuma.

Kanuni ya Faraday inasema kwamba ampea 1 kwa saa 1 inaweza kugandisha gramu 1.19 za shaba, lakini inasema hivyo kwa elektroni zinazopokewa na ioni za shaba peke yake. Maji yasiyokorogwa huacha utando mwembamba uliotulia kwenye uso wa kathodi, na ioni hazina budi kuupita utando huo polepole. Kadiri maji yanavyopungukiwa na shaba, ndivyo zinavyofika chache zaidi. Nimepiga hesabu kwa takwimu zako: mwanzoni karibu ampea zote 10 zilibeba shaba, ila ukolezo ulipofika gramu 0.32 kwa lita, ilibaki takribani ampea 1.5 tu. Nyingine zote zilikuwa zikitengeneza haidrojeni, na hayo ndiyo mapovu uliyoyaona. Ule unga nao una asili hiyohiyo, kwa kuwa mkondo unapozidi kiasi cha ioni zinazofika, shaba haipati nafasi ya kujipanga vizuri na huota ovyo.

Ukiendelea hivyo hadi miligramu 1 kwa lita, utahitaji jumla ya vipindi zaidi ya vinane vya saa 8 tangu mwanzo, na sehemu kubwa ya umeme wako itapasua maji. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza si kuongeza umeme bali kuhamisha mahali pa kazi. Usiisubiri shaba kwenye maji ya mwisho yaliyokwisha kuwa mepesi. Weka kathodi kwenye tangi la kwanza la kusuuzia, lile ambalo kila kifaa huingizwa kikitoka kwenye mchanganyiko wa kupakia, na uyazungushe maji yake kwa pampu. Hapo shaba huongezwa kila siku na ukolezo haushuki sana, kama ilivyo katika viwanda vinavyosafisha shaba hadi asilimia 99.99, ambako kila lita huwa na makumi ya gramu za shaba wakati wote. Pia ongeza eneo la kathodi kwa kutumia wavu badala ya bamba, na upunguze ampea kadiri ukolezo unavyoshuka. Masalio madogo yaachie resini ya kubadilishana ioni (punje zinazonasa ioni za metali), au uyashushe kama tope kwa chokaa.

Mlinzi_wa_Maji amejibu:

Naongeza jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko umeme unaopotea. Chuma hicho hakishiki kutu hewani, lakini kikiwa anodi ndani ya asidi huyeyuka, na pamoja na chuma hutoa nikeli na kromi, hata ile kromi ya hali ya sita (iliyopungukiwa elektroni sita) ambayo ni sumu na husababisha saratani. Vishimo ulivyoviona ndiyo metali iliyohamia majini. Tafadhali kibadilishe upesi. Anodi ya titani iliyopakwa oksidi ya iridi hufaa kwa maji ya salfeti, na yenyewe hutoa oksijeni tu.

Kuhusu nikeli, inawezekana, ila ni ngumu zaidi. Shaba hupokea elektroni kwa urahisi kuliko haidrojeni, ilhali nikeli ni kinyume chake, kwa hiyo asidi ikizidi utapata gesi badala ya metali. Anodi inayotoa oksijeni huongeza asidi yenyewe, basi pH (kipimo cha asidi, kinachoshuka asidi inapozidi) inapaswa kuangaliwa muda wote na kushikiliwa karibu na 4 au 5. Michanganyiko mingi ya nikeli ina kloridi, na anodi itaigeuza klorini, kwa hiyo hewa ya kutosha ni ya lazima. Kama karakana yenu ina tangi lolote lenye sianidi, maji yake yasikutane kamwe na yale yenye asidi.

Kromi haitakubali njia hii. Katika maji ya kusuuzia huwa kromati, ioni yenye chaji hasi, na haigandi kwa hali hizi. Huko watu hutumia anodi ya chuma cha kawaida kwa makusudi: chuma huyeyuka, ioni zake huigeuza kromi ya hali ya sita kuwa ya hali ya tatu, na pH ikiwa karibu na 8 zote mbili hushuka pamoja kama tope. Kila gramu ya kromi hudai takribani gramu 3.2 za chuma, yaani kama ampea 3 kwa saa 1. Tope hilo bado ni taka ya hatari na haliwezi kutupwa pamoja na takataka za kawaida.

Fundi_Kathodi:

Nawashukuru sana. Nitatenganisha matangi na kuhamishia kathodi kwenye tangi la kwanza. Lakini je, zile lita 50 zilizobaki nizifanyeje, ikiwa anodi ilikwisha kuyeyukia humo?

Mlinzi_wa_Maji:

Zihesabu kuwa zina kromi hadi kipimo kionyeshe vinginevyo. Chukua sampuli kidogo na uijaribu kwa difenilikabazidi, kemikali ya kupimia kromi. Kromi ya hali ya sita ikiwapo, rangi hugeuka zambarau. Ikigeuka, maji hayo yote yapitie kwenye anodi ya chuma cha kawaida kwanza, ndipo upandishe pH, na shaba iliyobaki itashuka pamoja na tope hilo. Funika tangi, na uliandike jina la kilichomo kabla ya mtu mwingine kulimwaga.