Naomba mwongozo: brosha ya kutembeza wageni Kilwa Kisiwani, watu wanaishika na kuirudisha mezani

Mwana Masoko

Wakuu, habari za leo. Nipo Kilwa Masoko, tuna kikundi cha vijana tunaovusha wageni kwenda kuona magofu ya Kisiwani na Songo Mnara. Tumechanga vihela, tunataka kuchapa brosha ya A4 ile ya vipande vitatu, tuziweke kwenye nyumba za wageni hapa Masoko na chache zipelekwe Dar.

Nimeisuka mwenyewe kwenye Canva. Kava lina nembo juu, katikati picha ya machweo, chini kabisa jina la kikundi na "Karibu Kilwa, Karibu Tanzania". Ukifungua kuna ujumbe wa mwenyekiti, halafu historia tangu Washirazi hadi leo, picha kumi na kitu, ramani, bei. Rangi ya nyuma ni bluu kote kwa ajili ya bahari, maandishi meupe. Kiswahili na Kiingereza vyote vimo.

Wenzangu wameipenda. Ila juzi nilichapa moja ya mfano pale stesheneri nikampelekea mama mmoja mwenye nyumba ya wageni. Akaitazama kava, akaigeuza nyuma, akairudisha mezani. Hakuifungua. Na huyo ni mtu anayetupenda, sembuse mgeni aliyeshuka basi la Nangurukuru na vumbi lake.

Nimepewa bei mbili za kuchapa, ya nakala 200 na ya nakala 2,000, na ile ya 2,000 kwa nakala moja ni rahisi mno. Nichukue ipi? Na nikate nini humo ndani? Naona kila kitu ni muhimu.

Kusini Kwetu

Mkuu, toa ujumbe wa mwenyekiti kwanza, halafu ndiyo tuongee.

Mzee wa Gilotini

Mwana Masoko, salama. Mimi si mbunifu. Mimi ni mtu wa kukata na kukunja, Kariakoo. Kazi za wabunifu zinanifikia zikiwa zimeshachapwa, wakati ambao hata uwe na maneno matamu namna gani hakuna kinachorudi nyuma. Nitaongea kutokea huko.

Funga kompyuta. Chukua A4 tupu, ilaze, ikunje kama brosha yenyewe, shika kalamu. Kila uso uandike kazi yake kwa neno moja au mawili: "kuita", "safari", "bei", "kufika". Uso ukidai kazi tatu, mbili zitafute kwao. Kisha mpe mtu asiyekijua kikundi chenu aifungue mbele yako, wewe nyamaza, tazama vidole vyake. Utaona kitu ambacho kwenye kioo cha kompyuta huwezi kukiona: akifunua kava, haoni ndani yote kwa mpigo. Anaona uso wa kushoto wa ndani, na kulia kwake kile kipande kilichokunjwa kuingia ndani. Ni mpaka afunue na hicho ndipo apate nyuso zote tatu za ndani. Watu wengi wanakitupia hicho kipande makombo, nembo za wafadhili na kadhalika, kumbe ndicho kitu cha pili macho yanakutana nacho. Mimi pale ningeweka safari yenyewe: mnaondoka saa ngapi, mnavuka kwa boti au jahazi, mnatembea muda gani, mnarudi saa ngapi, nani anashughulikia kibali. Mtalii anayejua atarudi saa ngapi ameshafika nusu ya njia ya kukubali.

Sasa vipimo, na hapa naomba unisikilize vizuri. A4 ina urefu wa milimita 297. Usigawe kwa tatu ukaweka 99, 99, 99. Kipande kinachoingia ndani kipe 97, viwili vingine 100 kila kimoja. Kikilingana na wenzake kinagota kwenye mkunjo, brosha inafanya tumbo, na ukizipanga mia moja kwenye boksi zinasimama kama mandazi. Na geuza kichwa: upande wa nje ukiwa umelala mbele yako, ile 97 ipo kushoto, mgongo (uso wa nyuma) katikati, kava kulia. Upande wa ndani ile 97 inahamia kulia. Nimepokea kazi zenye kava katikati, jamaa amelipa kila kitu, na maboksi yapo mlangoni yananisubiri mimi nifanye miujiza.

Bluu yako ikifika ukingoni, ivushe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, pande zote. Bunda la karatasi chini ya kisu linasogea kidogo, na bila hizo 3 utapata uzi mweupe pembeni. Canva ina mahali pa kuwasha ukingo huo na alama za kukatia unapopakua PDF ya kuchapa. Maandishi nayo yakae angalau milimita 5 mbali na ukingo na mbali na mkunjo.

Lakini mimi hiyo bluu ya kote ningeitoa. Kwanza, bluu ya kwenye simu inatengenezwa na mwanga, ya kwenye karatasi inatengenezwa na wino wa rangi nne. Ile inayong'aa ikifika kwenye wino inafifia au inaelekea zambarau. Pili, wino mzito ukipita kwenye mkunjo, karatasi ikiwa nene inapasuka na kuacha mstari mweupe, na uko kwenye uti wa mgongo wa brosha ambapo kila mtu anauona. Tatu, herufi nyembamba nyeupe zilizozungukwa na wino zinazibwa, unasoma "Kilwa" unapata "Kiwa". Chukua karatasi ya gramu 130 au 150. Wakikushawishi ya 170 kwenda juu, sawa, lakini waipige mstari wa mkunjo kwa mashine kwanza ndipo wakunje.

Idadi: chukua 200. Ile 2,000 ni rahisi kwa nakala moja kwa sababu ya ofseti, uchapaji wa kutumia pleti. Wanatengeneza pleti nne kwa kila upande, na gharama hiyo haibadiliki uchape mia au elfu kumi, kwa hiyo inagawanyika vizuri ukichapa nyingi. Lakini mafuta ya boti yakipanda bei mwezi ujao, utakuwa na brosha 1,900 zinazosema uongo. Chapa 200 kwa mashine ya dijito, zione mezani zinafanyaje, rekebisha, ndipo uende ofseti.

Mwisho, usikubali kuanza kabla hujaona prufu, yaani nakala ya majaribio, iliyochapwa kwenye karatasi ile ile, ikakunjwa. Prufu ya kwenye simu si prufu.

Binti Likoni

Ndugu Mwana Masoko, hujambo. Mzee shikamoo, umemaliza upande wa karatasi, mimi niseme upande wa macho. Nipo Mombasa, kazi yangu ni kutengeneza hizi za mahoteli na watu wa safari.

Shida yako imeanza kabla mtu hajafungua. Nenda pale zitakapowekwa utazame kibanio chenyewe cha kusimamishia brosha. Vingi vinaziba theluthi mbili za chini, na brosha ya mbele inaziba ya nyuma yake. Kinachoonekana ni kile kipande cha juu tu, na wewe pale juu umeweka nembo ambayo mgeni haijui. Jina la kikundi chenu, nisamehe, halimvuti mtu aliyetoka Dodoma wala Denmark. Neno KILWA ndilo linalomvuta. Lipandishe juu kabisa, kubwa, na chini yake mstari mmoja tu.

Machweo yaondoe. Kila brosha kutoka Lamu mpaka Mtwara ina machweo, na jua ni lile lile. Nyinyi mna Husuni Kubwa, lile gofu la jumba la kifalme, mna lile bwawa la pembe nane lililochongwa na kujengwa kwa mawe juu ya mwamba unaotazama bahari. Hakuna mwenzenu wa kushindana nanyi hapo. Mpeleke kijana mwenye simu nzuri asubuhi mapema, jua likiwa bado chini na vivuli vinaingia ndani ya pembe za bwawa, awe na mtu amesimama ukingoni ili ukubwa uonekane. Mtu huyo aulizwe kwanza kama anakubali kuwekwa kwenye brosha. Na picha asiirushe WhatsApp kama picha, aitume kama dokumenti, maana WhatsApp inaibana. Uso wa upana wa sentimita 10 unataka pikseli kama 1,200 kwa upana ndiyo itoke kali. Picha kumi na kitu punguza zibaki nne: moja kubwa ya kava, moja kubwa ndani, mbili ndogo.

Kuhusu historia, najua inauma. Lakini mgeni akiwa amesimama mapokezi na begi begani hasomi karne kumi. Mpe vitu vitatu vya kumkaa kichwani, nyingine mtamsimulia kwenye boti, na ndiyo mnacholipwa kwacho. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na akausifia uzuri wa mji. Wareno walifika na silaha mwaka 1505 na wakajenga ngome, ingawa ngome ya Gereza inayoonekana leo kwa sehemu kubwa ni ya ujenzi wa baadaye wa Waomani. Na sarafu za shaba zilizofuliwa Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia. Hii ya tatu mimi ningeiweka mwanzo. Mtu akisoma Australia lazima aulize zilifikaje huko, na hapo ameshaanza mazungumzo nanyi.

Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1981, hilo liandike kwa maneno. Alama yao usiiweke bila ruhusa, ina masharti yake.

Lugha mbili kwenye uso wa sentimita 10 zinakabana koo. Tengeneza faili mbili, Kiingereza na Kiswahili, maadamu Mzee amekuambia uchape kidogo kidogo. Ya Kiswahili isiwe tafsiri ya Kiingereza pia. Mwalimu anayeleta wanafunzi anataka kujua bei ya kundi na kama kuna maboya ya kutosha, hataki kuambiwa habari za "ukarimu wa Waswahili". Fonti mbili zinatosha, maandishi ya kawaida yasishuke chini ya pointi 9, na zile herufi za madoido ziishie kwenye kava.

Hapo kwenye bei sikubaliani na mtu yeyote anayeziweka ndani ya brosha. Weka kikaratasi pembeni.

Mzee wa Gilotini

Marahaba, Binti Likoni. Kwa kava umenishinda, nakubali. Ila kwa bei hapana. Kikaratasi cha pembeni kinadondoka siku ya kwanza, nakijua, nakiokota sakafuni kila siku. Brosha isiyo na bei, Mbongo anadhani ni ya Wazungu na Mzungu anadhani atapigwa. Aandike bei na mwezi iliyoanzia. Nakala ni 200, zikiisha anabadilisha.

Kusini Kwetu

Naunga mkono bei iwepo. Na usisahau msimu. Ndugu zangu walikuja mwezi wa nne na mvua zake, wakashinda Masoko wanatazama bahari.

Mwana Masoko

Aisee, asanteni sana. Dada, Mzee, nimefanya lile zoezi la karatasi na kalamu jana jioni. Nikampa dereva wa bajaji aifungue, akaenda moja kwa moja kwenye kile kipande cha kuingia ndani, kama Mzee alivyosema. Mwenyekiti amenuna ila amekubali. Tumempa picha ndogo akiwa anashika tanga, na kusema kweli ametoka vizuri kuliko kwenye ule ujumbe.

Sasa ipo hivi. Kava: KILWA juu, chini yake "Sarafu zake zilifika Australia. Wewe vuka bahari tu." Picha ya bwawa, jioni nitampeleka kijana aione sehemu, kupiga ni alfajiri. Kushoto ndani: yale matatu ya historia. Cha kuingia ndani: safari kwa saa, kibali, bei na mwezi, na mstari mmoja kuhusu mvua za masika. Ndani yote ikifunguka: ramani ya mkono, Msikiti Mkuu, Makutani, Gereza, Husuni, na Songo Mnara pembeni kama safari ya siku nzima. Mgongo: jinsi ya kufika kutoka Dar, simu. Rangi ni nyeupe, bluu imebaki kwenye bahari ya ramani.

Swali lililobaki: hii misimbo ya QR ina faida, au ni pambo?

Binti Likoni

Huo mstari wa kava usiuguse tena. Ila "vuka bahari" kwa Kiingereza upate mtu wa kukusaidia, usiitafsiri neno kwa neno.

QR ina faida ikimpeleka mtu mahali anapoweza kuuliza. Ielekeze kwenye WhatsApp ya kikundi moja kwa moja. Jihadhari na tovuti za bure zinazopitisha kiungo kwao kwanza: muda wa majaribio ukiisha, msimbo unakufa na brosha zako ziko mezani.

Mzee wa Gilotini

Isipungue sentimita 2 kwa 2, nyeusi juu ya nyeupe, na uache nafasi nyeupe kuizunguka. Isikae juu ya mkunjo. Ijaribu kwenye prufu ya karatasi kwa simu ya bei rahisi, siyo hiyo yako. Na namba ya simu iandikwe kwa tarakimu kando yake ikianza na +255, kuna wazee kama mimi hatuelekezi kamera kwenye vitu.

PDF ikiwa tayari nitumie inboksi kabla hujalipa hata senti, niitazame hiyo 97 ipo upande gani.

Mwana Masoko

Sawa Mzee wangu. Kesho nina wageni wa Songo Mnara, tukirudi na maji ya jioni naimalizia na kukutumia.